Pilipili za New Mexico zimefika Sakina: nyekundu agizeni, za kijani chomeni wenyewe

Mzigo ulikuwa na vitu vitatu: mfuko wa pilipili nyekundu nzima zilizokaushwa, pakiti ndogo ya unga wa pilipili hizo hizo, na makopo ya pilipili za kijani zilizochomwa na kukatwakatwa. Vyote vimetoka New Mexico, jimbo la kusini magharibi mwa Marekani anakoishi wifi yangu, na vilinifikia Arusha kwenye begi la mgeni aliyekuja kupanda Mlima Kilimanjaro. Mimi ni mpishi wa oda hapa Sakina. Napika chakula cha mchana cha maofisini na shughuli za mwisho wa wiki, kwa hiyo kitu kipya kikiingia jikoni kwangu nakiuliza maswali ya kazi: kinakula mkaa kiasi gani, mteja atakirudia, na je, soko la Kilombero halina kitu kama hicho kwa bei ya kawaida?

Majibu yangu ni haya. Pilipili nyekundu nzima ni kitu cha thamani, na sijaona cha kuziba nafasi yake sokoni kwetu. Unga ni mzuri ila una masharti. Makopo sitayaagiza tena, hata nikiletewa bure nitamwomba mletaji atumie nafasi hiyo kwenye begi kwa kitu kingine.

Kwanza tuelewane kuhusu ukali, maana mtu akisikia pilipili imesafirishwa kutoka mbali anajiandaa kulia. Sisi pilipili tunaiweka pembeni. Inakaa kwenye kachumbari, kwenye kibakuli cha pilipili ya kusaga, au pilipili mbuzi moja inaelea nzima mchuzini itoe harufu, na mama anawaonya watoto wasiipasue. New Mexico pilipili ndiyo mchuzi wenyewe. Inaingia kwa bakuli zima na kukamata ile nafasi ambayo kwetu inakamatwa na nyanya. Hilo linawezekana kwa sababu ni pilipili pole. Kwa kipimo cha ukali kilichobuniwa na Wilbur Scoville mwaka 1912, pilipili mbuzi huvuka 100,000, wakati aina nyingi za kawaida za New Mexico hazifiki hata 10,000. Unaonja utamu wake, uchungu wake mdogo, ladha ya tunda lenyewe, kisha joto linakuja nyuma taratibu na kubaki kooni.

Na nyekundu na ya kijani ni tunda moja. Ya kijani imechumwa kabla ya kuiva, nyekundu imeachwa shambani mpaka ikaiva, ikatungwa kwenye kamba ndefu wanayoiita ristra na kuanikwa. Wenyewe wanaithamini kiasi kwamba mwaka 1965 jimbo liliitangaza pilipili kuwa mboga yake rasmi, pamoja na maharage. Mgahawani mhudumu anakuuliza unataka mchuzi mwekundu au wa kijani, na ukitaka yote miwili kwenye sahani moja unajibu "Krismasi".

Sasa nije kwenye zile nyekundu, ndiko kwenye utamu.

Nilipofungua mfuko, kitu cha kwanza kilikuwa harufu: tamu, nzito, ya tunda lililokauka juani. Pilipili zenyewe zina urefu wa kiganja changu na zaidi kidogo, bapa, ngozi inang'aa, rangi ni wekundu wa kuiva kupita kiasi unaoelekea kwenye zambarau. Ukiikunja moja inakubali kukunjika kabla ya kupasuka. Hiyo ni dalili nzuri. Pilipili iliyokaa miaka ghalani inavunjika vipande ukiigusa, imepauka, na ukiinusa haikuambii kitu. Hizi zilikuwa bado hai.

Kuziandaa kunataka utulivu, siyo ustadi. Futa kila moja kwa kitambaa chenye unyevu kuondoa vumbi. Kata kikonyo, pasua ubavuni, kung'uta mbegu. Ndani utaona mishipa myeupe imetambaa kutoka kwenye kikonyo hadi nchani, na hapo ndipo ukali unapokaa. Wengi tumelelewa tukiambiwa ukali uko kwenye mbegu. Mbegu zinawasha kwa sababu zimegusana na mishipa hiyo. Ukitaka mchuzi wa kula na watoto, ibandue yote. Ukipika kwa ajili ya watu wazima wanaopenda moto, acha kiasi. Mbegu nazitupa. Usijaribu kuzipanda nyuma ya nyumba, kwa sababu mbegu za nje zina utaratibu wa kibali, na wahusika, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, makao makuu yao yako hapa hapa kwetu Ngaramtoni. Kuuliza hakugharimu kitu.

Weka kikaango kikavu kwenye moto mdogo, bila mafuta. Tandaza pilipili, zikandamize kwa mwiko sekunde chache, geuza. Kinachotafutwa ni harufu kupanda na ngozi kubadilika rangi kidogo, kulainika, pengine kututumka malengelenge mawili matatu. Ikifikia kuwa nyeusi toa na kutupa, kwa sababu uchungu wa pilipili iliyoungua hauondoki kwa chumvi wala sukari, na moja tu inatosha kuharibu sufuria nzima. Fungua madirisha. Moshi wake unakwangua koo, na jirani atakohoa kabla hajajua kwa nini.

Zikishatoa harufu, zimwagie maji ya moto, funika na sahani ili zizame, acha kama nusu saa. Zitavimba na kulainika. Kabla ya kusaga, onja yale maji. Yakiwa na utamu yatumie. Yakiwa machungu mwaga, tumia supu au maji mapya. Kwa pilipili kumi na tano hivi natumia vikombe viwili, vitunguu saumu punje nne, chumvi kijiko cha chai. Saga kwenye blenda mpaka iwe laini kabisa, kisha pitisha kwenye chujio na kukandamiza kwa mgongo wa kijiko. Hatua hii wengi wataiona usumbufu. Tafadhali usiiruke. Ngozi ya pilipili hizi ni ngumu, haisagiki yote, na vipande vyake vinanata kwenye ulimi na kuufanya mchuzi uonekane wa kukoroga haraka haraka.

Halafu inakuja dakika ninayoipenda. Pasha vijiko viwili vya mafuta, mimina ule uji mwekundu. Unaruka kidogo, unatulia, na baada ya muda mafuta yanaanza kujitenga pembezoni mwa sufuria yakiwa na rangi ya machungwa iliyokolea, safi, inayong'aa. Rangi ya pilipili iliyoiva huyeyuka kwenye mafuta, siyo kwenye maji, ndiyo maana mchuzi uliochemshwa tu hauwezi kupata uso huo. Acha uchemke taratibu mpaka ukichovya mwiko, mchuzi ukae mgongoni mwake bila kutiririka. Usitie nyanya. Usitie nyanya ya kopo, usitie sukari, usitie unga wa mchuzi. Najua mkono wa mpishi wa kwetu unavyoenda wenyewe kwenye nyanya, lakini hapa nyanya inaua kila kitu ulichokilipia.

Chakula kinachostahili mchuzi huu kuliko vyote ni carne adovada, nyama ya nguruwe iliyolazwa ndani ya pilipili nyekundu na kupikwa mpaka inaachia. Arusha hatuna shida ya kitimoto. Mwambie kaka wa buchani akupe bega lenye mafuta kiasi, siyo steki, kwa sababu steki itakauka. Kilo moja, vipande vya ukubwa wa yai, mchuzi wote ule wa pilipili kumi na tano, vitunguu saumu zaidi, oregano kidogo (majani makavu ya kiungo), chumvi. Ilaze kwenye friji usiku kucha. Kesho yake sufuria nzito, mfuniko unaoshika vizuri, mkaa kidogo chini na makaa mengine unapalia juu ya mfuniko. Saa mbili na nusu, hata tatu. Kwenye oveni unaweza pia, moto mdogo, lakini kwa mkaa wa juu na chini mchuzi unakauka kwa kushikamana na nyama, na vile vipande vya juu vinapata ukoko mwekundu mweusi ambao kila mtu mezani ataugombania.

Mama mkwe wangu ni mtu wa Marangu na anakula kwa uangalifu. Alichovya kipande cha ndizi ya kuchemsha kwenye mchuzi, akaonja, akaangalia sahani.

"Mwanangu, hii nyanya gani inaacha rangi namna hii?"

"Siyo nyanya, mama. Ni pilipili tupu."

"Pilipili? Mbona naila na machozi hayaji?"

Akaongeza. Kwa mtu ambaye sahani ya kwanza humtosha, mimi nilihesabu hiyo kuwa tathmini kamili.

Wateja wangu wengi ni Waislamu, na kitimoto sipiki kwenye sufuria za oda kabisa. Ina vyombo vyake nyumbani. Kwa oda natumia mbuzi. Mbuzi anataka kuchemshwa kwanza mpaka alainike nusu, ndipo aingie kwenye mchuzi mwekundu amalizikie humo, na supu yake ndiyo inayosagia pilipili. Matokeo yake ni mazuri kwa namna tofauti: ule uzito wa harufu ya mbuzi unakutana na utamu wa pilipili, na hakuna anayemshinda mwenzake. Ofisi moja ya karibu na Kaloleni sasa wanaiagiza kwa jina la "mbuzi mwekundu", na mimi nimeliacha jina libaki hivyo.

Wanaokula huwashwa pia, kidogo, na ni vizuri kujua la kuwapa. Maji hayasaidii, kwa sababu kinachowasha hakiyeyuki kwenye maji. Mtindi unasaidia. Kule kwao huleta mezani sopaipilla, unga wa ngano uliosukumwa mwembamba na kukaangwa ukavimba, unapasuliwa na kutiwa asali. Mimi natoa maandazi yasiyotiwa iliki, na asali kwenye kibakuli. Utamu wa asali baada ya mchuzi ule ni kitu cha kujaribu hata kama hutapika kingine chochote nilichokitaja.

Enchilada nitazipitia haraka. Kwa mtindo wa New Mexico hazikunjwi lazima. Tortilla za mahindi, yaani chapati zao nyembamba, zinapangwa moja juu ya nyingine, katikati jibini na kitunguu, mchuzi mwekundu unamwagwa juu, na yai la kukaanga linakaa kileleni. Ugumu wetu ni tortilla. Mahindi yake huchemshwa kwanza na chokaa, na chokaa hiyo hulegeza ganda la punje na kuufanya unga ushikamane. Sembe yetu haijapita huko, dona vile vile, kwa hiyo donge linapasuka ukilisukuma, hata ulikande kwa maji ya moto. Natumia chapati kavu za ngano, nyembamba, zisizo na tabaka wala mafuta mengi. Wenyewe pia wana tortilla za ngano, hivyo sioni kama nimeharibu desturi ya mtu. Ila mvuto wa mahindi haupo, na jibini linapandisha gharama. Kwa nyumbani sawa, kwa oda hapana.

Maharage ni habari nyingine, na hapa ndipo pilipili hizi zinaweza kuingia kwenye nyumba ya kawaida bila kelele. Wao hutumia maharage ya madoadoa wanayoyaita pinto. Sisi tunaoishi kati ya Selian na Lyamungu, vituo viwili vya utafiti vilivyozipa mbegu za maharage majina yao, hatuna sababu ya kuagiza maharage. Chukua Lyamungu, yale makubwa yenye michirizi mekundu, au Selian. Chemsha na kitunguu kizima mpaka yaanze kujipasua, ponda robo yake ili mchuzi uwe mzito, halafu mimina vijiko vitatu vya mchuzi mwekundu kwenye kila bakuli wakati wa kupakua. Usiupike pamoja na maharage muda mrefu. Ukikaa juu, ladha inabaki wazi. Na chapati. Chakula hiki cha bei ya chini kabisa ndicho kinachoulizwa zaidi na wateja wangu, kuliko hata nyama.

Wanaopika makande watafurahi na posole. Ni mahindi yaliyoondolewa ganda, yamechemshwa na nyama mpaka punje zimefunguka, na mchuzi mwekundu umeingia karibu na mwisho. Kwao ganda hutolewa kwa chokaa. Mimi natumia mahindi ya makande yaliyokobolewa kinuni, ya sokoni, niliyoyaloweka usiku. Punje hazifunguki sana lakini utafunaji wake ni mtamu. Juu unaweka kabichi iliyokatwa nyembamba, kitunguu kibichi na ndimu. Muda wa kuchemsha unaoandikwa kwenye mapishi ya kule unalingana vizuri na wa Arusha, kwa sababu Albuquerque iko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari na sisi tuko karibu 1,400. Maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, na mahindi na maharage yanachelewa kuiva huko na huku. Watu wa Moshi mko chini zaidi, nyie mtapunguza kidogo.

Unga sasa. Unatoka kwenye pilipili hizo hizo, na faida yake ni haraka: kaanga kijiko kimoja cha unga wa ngano kwenye mafuta, toa sufuria motoni, tia vijiko vitatu vya unga wa pilipili, koroga sekunde chache tu, mimina supu, rudisha motoni. Kwa dakika kumi na tano una mchuzi. Ukiuacha unga wa pilipili kwenye mafuta ya moto hata kwa muda mfupi unabadilika kahawia na kuwa mchungu, kwa hiyo supu iwe tayari mkononi. Mchuzi wa unga ni mzuri kwenye maharage na mayai. Kwenye nyama unapungukiwa na ule mwili, ule unene wa asili unaotokana na nyama ya tunda lenyewe.

Soma pakiti. Iandikwe pilipili peke yake. Madukani, hata supamaketi za mjini hapa, kuna pakiti za unga mwekundu ambazo ndani yake mna bizari nyembamba, vitunguu saumu, chumvi na vingine. Hizo ni mchanganyiko wa viungo vya kupikia nyama ya kusaga na maharage. Hazina ubaya, ila ukizitumia kwa vijiko vitatu kama nilivyoeleza utapata mchuzi wa bizari. Na unga huchoka mapema. Mimi naufunga kwenye mfuko usiopitisha hewa na kuuweka kwenye friza. Pilipili nzima nazo zikae pakavu. Kiungo chochote kilichokaushwa kikipata unyevu kinaweza kuingiwa na sumukuvu, na ukungu ukiuona hata kwenye moja, usiikwangue, itupe.

Nimefika kwenye makopo. Nilikuwa na hamu nayo sana, kwa sababu wifi yangu anapozungumzia kwao ni pilipili za kijani anazozililia. Mwisho wa kiangazi chao, mwezi wa nane na wa tisa, wanazichoma barabarani na mbele ya maduka kwenye pipa la wavu linalozungushwa juu ya moto wa gesi, watu wananunua magunia, wanakwenda kumenya na kugandisha za mwaka mzima. Mji mdogo wa Hatch ndio unaojulikana zaidi kwa kilimo chake.

Kopo halibebi hayo. Fungua, utakuta vipande laini, vimelowa maji, na ladha ya kwanza inayokuja ni uchachu. Uchachu huo hautoki kwenye pilipili. Mboga ya namna hii mara nyingi huongezewa asidi ili ikae salama kopoini, silaumu kiwanda. Ila moshi umepotea, ukali umepotea, na kilichobaki kinafanana na hoho iliyochemshwa. Nilitia kwenye mchuzi wa kuku, nikatia kwenye mayai, nikasaga na mtindi. Kila mahali niliishia kuongeza pilipili ya kwetu ili chakula kiwe na uhai.

Nyekundu imekaushwa, na kukausha kunakusanya ladha. Inaweza kuvuka bahari na kufika ikiwa kamili. Ya kijani uzuri wake ni moto na ubichi, na hivyo viwili havisafiri. Lakini sisi hoho tunazo, mkaa tunao.

Hapa lazima nimtaje Fabián García, mtaalamu wa kilimo cha mboga na matunda katika chuo cha kilimo cha New Mexico. Alianza kazi ya kuboresha pilipili za wakulima wa kule mwaka 1894, na mwaka 1921 akatoa aina aliyoiita New Mexico No. 9, ambayo aina nyingi za leo zimetokana nayo. Alitafuta pilipili pole, yenye nyama, iliyonyooka, isiyo na mabega, ili iwe rahisi kumenya. Sikuuelewa uzito wa neno "mabega" mpaka nilipokaa mbele ya jiko na hoho ya Tengeru mkononi. Hoho yetu ina mabega mapana na mikunjo mirefu. Moto unafika juu ya mikunjo na kuunguza, ndani ya mabonde ngozi inabaki mbichi na imeng'ang'ania. García alikuwa anawafikiria watu wa jikoni.

Kwa hiyo ichague hoho yako. Soko la Tengeru, Jumatano au Jumamosi asubuhi, tafuta ndefu ndefu, zenye uso uliotulia, kijani kilichokolea, nzito mkononi. Na pilipili ndefu za kijani, zile kali, mbili au tatu kwa kila hoho nne. Panga zote juu ya wavu kwenye mkaa uliokolea, karibu kabisa na moto. Geuza kwa koleo. Unataka ngozi iungue nyeusi haraka kabla nyama ya ndani haijalegea. Moto mdogo utaivisha na kuilainisha bila kuipa moshi. Kisha zote kwenye sufuria, funika, dakika kumi, mvuke uifungue ngozi. Menya kwa vidole. Usiziweke chini ya bomba, maji yanaondoka na moshi wote ulioutafuta; loweka vidole tu kwenye bakuli, futa, endelea. Vidoa vyeusi vikibaki ni sawa. Na zile kali zishike kwa mfuko wa plastiki, usiguse macho.

Ukikatakata hizo mbili pamoja unapata kitu ambacho siyo pilipili ya New Mexico, na sitasema ni hiyo. Hoho ni tamu zaidi na nyama yake ni nene. Lakini ina moshi, ina ukali, ina ubichi, na kwenye sufuria inashinda kopo bila ubishi. Kule hupika nayo mchuzi wa nyama ya nguruwe na viazi mviringo. Mimi nimeondoa viazi nikatia ndizi mshare, nyama ya ng'ombe yenye mfupa, kitunguu, vitunguu saumu, na bakuli zima la pilipili za kuchoma zikiingia dakika ishirini za mwisho. Yeyote aliyekulia kwenye machalari ataipokea sahani hiyo bila maelezo. Ndizi inakuwa laini na kunywa mchuzi, moshi unapita katikati, na limau kidogo juu linaamsha kila kitu.

Kwenye gharama, nauli ya kutuma mzigo kwa posta au kwa kampuni za usafirishaji inaweza kuzidi bei ya pilipili zenyewe, hivyo njia yenye akili ni mtu anayesafiri, na mzigo wenyewe ni mwepesi. Mwambie anunue nzima, siyo za kusaga. Kwenye mfuko huandikwa kiwango cha ukali. Achukue za pole au za wastani, ukali utauongeza kwa pilipili zetu ukitaka. Aangalie wekundu uliokolea, aikunje moja kupitia mfuko aone kama inakubali. Nusu kilo ni nyingi, itakupikia shughuli kadhaa. Makopo ayaache dukani. Na nafasi ikibaki aongeze pakiti ya oregano ya Mexico, kwa sababu ile tunayoipata supamaketi za hapa ni mmea mwingine kabisa, wa pwani za Ulaya, wenye utamu ambao mchuzi mwekundu hauutaki.